Mali Bila Daftari: Ushauri kwa Anayetaka Kuhama na Kazi Yake ya Mtandaoni

Katika ploti za Waithaka, Kabiria na Satellite, ambako fiba imevutwa hadi mlangoni na kodi ya nyumba bado haijafikia ya Kilimani, wako vijana wengi wanaoketi kwenye kompyuta saa ambayo majirani zao wanashuka matatu Barabara ya Naivasha kutoka mjini. Wananakili sauti, wanajibu maswali ya wateja wa maduka ya Marekani, wanahariri video, wanaandika programu. Wengi wamekwisha kusikia kwamba Ureno, Uhispania, Mauritius, Namibia na Afrika Kusini zina visa ya kukaa muda mrefu kwa mtu anayefanyia kazi kampuni ya nje akiwa popote. Swali lao la kwanza huwa: nchi gani ni rahisi? Swali hilo ni zuri ila limetangulia zamu yake. Kabla ya kuchagua nchi kuna kazi ya mwaka mzima ya kufanywa hapa hapa nyumbani, nayo ni kuligeuza pato lako kuwa pato linalosomeka na mtu asiyekujua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mwombaji wa visa hizi msemo huo ni sharti la kwanza.

Ili kuona kwa nini, anza na sababu iliyozifanya visa hizi ziwepo. Zilizaliwa na njaa ya wageni wakati wa korona. Barbados ilitoa yake Julai 2020, Estonia ikafuata Agosti, na Mauritius ikaingia kabla mwaka haujaisha. Hoteli zilikuwa tupu, na serikali zikamtafuta mgeni wa aina mpya: anayeleta pato lake kutoka nje, analitumia kwa kodi ya nyumba, chakula na nauli, wala hamnyang'anyi mwenyeji kazi. Kenya yenyewe imepita njia hiyo. Oktoba 2024 Rais William Ruto alitangaza kibali kipya cha wafanyakazi wa namna hii, kile cha kundi la N, na msingi wake ni ule ule wa pato linalotoka nje ya nchi. Kwa hiyo afisa anayesoma ombi lako anatafuta mteja wa uchumi wa kwao. Ana maswali matatu tu: je, pesa hizi ni zako, zinatoka nje, na zitaendelea kuingia? Kipaji chako na usiku uliokesha hawezi kuviona. Anaona karatasi.

Sasa tazama karatasi za mfanyakazi wa kawaida wa mtandaoni jijini Nairobi. Tuseme anapata dola 2,200 kwa mwezi. Dola 900 zinatoka kwenye akaunti ya kukodi, iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine anayechukua kamisheni yake kila mwisho wa mwezi. Dola 600 zinaingia PayPal, naye huziuza kwa mtu wa kubadilisha anayemtumia shilingi kwa M-Pesa. Dola 700 zilizobaki zinatoka kwa mteja mmoja kupitia Payoneer hadi benki. Fungua taarifa zake za miezi sita. Ile ya M-Pesa imejaa mistari ya pesa zilizopokelewa kutoka kwa watu binafsi, majina na nambari za simu, zikifuatwa dakika chache baadaye na tokeni za stima, kodi ya nyumba na Fuliza inayolipwa. Ile ya benki inaonyesha dola 700. Mauritius inataka walau dola 1,500 kwa mwezi na Namibia dola 2,000. Mtu huyu amezipita zote mbili kwa jasho lake, na kwa karatasi hajafika hata nusu ya ile ndogo. Akinyimwa visa atasema amebaguliwa. Ubaguzi katika visa upo, na tutaufikia, lakini hapa aliyemwangusha ni daftari lake.

Dawa yake ni ya taratibu. Hatua ya kwanza ni kuachana na akaunti ya kukodi, hata kama pato litashuka kwa miezi kadhaa, kwa sababu saa zote unazofanya kazi humo zinajenga sifa ya mtu mwingine, na siku akaunti ikifungwa huna pa kulalamika. Hatua ya pili ni kuhama kutoka kazi ya vipande hadi kazi ya mkataba. Machi 2024 jukwaa la Remotasks lilifunga shughuli zake Kenya ghafla, na watu waliokuwa wakilitegemea kwa kazi za kufunza akili mnemba wakabaki bila pa kuingia. Pato la jukwaa moja lisilo na mkataba ni pato la kuazima, na masharti ya visa yanalichukulia hivyo. Uhispania, kwa mfano, inataka uwe umefanya kazi na kampuni husika kwa miezi mitatu au zaidi kabla ya kuomba, kampuni yenyewe iwe imeendesha shughuli kwa mwaka mmoja au zaidi, nawe uwe na shahada au uzoefu wa miaka mitatu. Mwombe mteja wako wa muda mrefu barua au mkataba unaotaja kazi, malipo na ruhusa ya kufanyia kazi nje ya Kenya. Wateja wengi hawajawahi kuombwa tu. Hatua ya tatu ni kupitisha malipo yote mlango mmoja: kila mwezi ankara yenye nambari, kila ankara na malipo yake benki, kwa jina lile lile lililo kwenye pasipoti. Afisa aweze kuweka kidole kwenye ankara na kingine kwenye taarifa ya benki, akute kiasi kimoja.

Hatua ya nne ndiyo inayozusha ubishi: KRA. Wako watakaosema kwamba kujitangaza kwa mtoza ushuru ni kujikata pato bila sababu, maana dola za mtandaoni hazionekani. Hoja hiyo inaeleweka, lakini inajipinga yenyewe kwa mtu anayetaka visa, kwani pato lisiloonekana KRA halionekani ubalozini pia. Ritani uliyowasilisha kabla ya Juni 30, pamoja na cheti cha kuthibitisha kwamba hudaiwi ushuru kinachotolewa bila malipo kwenye iTax, ni ushahidi kutoka serikalini kwamba pato hilo lipo na ni lako. Barua ya mteja inaweza kutiliwa shaka, na taarifa ya benki inaweza kughushiwa. Mtu kulipa ushuru wa pato asilolipata ni jambo gumu kuliwazia. Ukilinganisha ushuru wa mwaka mmoja na ada za maombi yanayokataliwa mara mbili au tatu, ambazo hazirudishwi, utaona kwamba karatasi ya KRA haikugharimu sana.

Daftari likishakaa sawa, ndipo uziangalie nyaraka nyingine, na hapa mpangilio wa muda ndio unaowashinda wengi. Pasipoti ya kurasa 34 ni Sh7,500, nayo huchukuliwa mapema kwa sababu haiharibiki ikikaa. Cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi, DCI, ni kinyume chake: unalipa Sh1,050 kwenye eCitizen, unachukuliwa alama za vidole, unasubiri, na balozi nyingi hazitaki kiwe kimepita miezi mitatu au sita. Ukikitafuta mapema mno kitachacha kabla ya siku ya ombi. Kisha kuna jambo ambalo mwongozo ulioandikwa kwa Mwamerika au Mwingereza hautakueleza. Nchi zao zimo katika mkataba wa Hague wa 1961, kwa hiyo hati zao hugongwa muhuri mmoja unaoitwa apostille na kukubalika katika nchi zote wanachama. Kenya haimo. Hati ya Mkenya hupita kwa wakili mthibitishaji, ikaenda Wizara ya Mambo ya Nje pale Harambee Avenue, kisha ubalozi wa nchi husika, na penye lugha nyingine ikahitaji mtafsiri aliyeapishwa. Kila kituo kina ada yake na foleni yake. Ukisoma kwamba mtu fulani alimaliza kila kitu kwa majuma mawili, uliza kwanza pasipoti yake ni ya wapi.

Hapo ndipo penye ubaguzi niliougusia, na ni afadhali kuukabili mapema kuliko kuugundua mwishoni. Cabo Verde ilipofungua mpango wake ilitaja wanaokaribishwa: raia wa Ulaya, Amerika Kaskazini, nchi zinazosema Kireno na jumuiya ya Afrika Magharibi. Mkenya hakutajwa, hata awe na pato la namna gani. Mauritius nayo ina orodha ya nchi zinazokubaliwa. Kwa hiyo unapofika kwenye swali la nchi, maswali yaje kwa mfuatano huu: je, pasipoti yangu inakubaliwa? Ombi linapelekwa wapi, maana si kila nchi ina ubalozi Nairobi na safari ya kwenda kuomba Pretoria au Addis Ababa ni gharama nyingine? Kiwango cha pato ni kipi, na kinapanda kwa hesabu gani? Je, ninaweza kwenda na familia? Swali hili la mwisho huongeza kiwango haraka: Ureno huongeza nusu ya kima chake cha chini cha mshahara kwa ajili ya mwenzi na asilimia 30 ya kima hicho kwa kila mtoto.

Viwango vyenyewe vinahitaji kusomwa kwa utulivu. Ureno inataka mara nne ya kima cha chini cha mshahara wake. Mwaka 2022 kima hicho kilikuwa euro 705, hivyo mwombaji alihitaji euro 2,820 kwa mwezi. Mwaka 2025 kilikuwa euro 870, na kiwango kikawa euro 3,480, karibu nusu milioni kwa shilingi zetu. Uhispania hutaka mara mbili ya kima chake, ambayo mwaka 2025 ilikuwa takriban euro 2,760. Afrika Kusini ilianza 2024 kwa kutaka randi milioni moja kwa mwaka, kisha mwaka huo huo ikashusha hadi karibu randi 650,000. Kumbuka pia kwamba shilingi ni kipimo kinachocheza. Mapema 2024 dola ilivuka Sh160, na kufikia nusu ya pili ya mwaka huo ikawa karibu Sh129. Mwenye dola 2,000 alipoteza zaidi ya Sh60,000 kwa mwezi bila kupunguziwa chochote na mteja, ilhali kwa hesabu ya visa hakubadilika hata kidogo. Pima pato lako na uweke akiba yako kwa sarafu ya nchi unayoiendea, kisha ulenge kuzidi kiwango kwa walau moja ya tano ili kupanda kwa mwaka ujao kusikukute mlangoni.

Mtu anaweza kupinga akisema: kwa mwendo huo wa viwango, anayesubiri mwaka mzima atakuta mlango umefungwa. Ni pingamizi la haki. Lakini tazama tena Ureno. Kiwango kilipanda kwa euro 660 katika miaka mitatu, kikifuata kanuni inayojulikana. Mfanyakazi aliyetumia mwaka mmoja kuhama kutoka kazi ya vipande hadi mkataba anaweza kuongeza pato lake linalothibitishika kwa zaidi ya hapo, kama yule wa mfano wetu aliyekuwa na dola 1,500 zisizoonekana. Na ombi lililokataliwa haliishi siku ile. Ukiomba visa ya nchi za Schengen, taarifa za ombi na uamuzi wake hukaa katika mfumo wa pamoja hadi miaka mitano, na fomu nyingi za nchi nyingine huuliza kama umewahi kunyimwa. Haraka ina gharama inayokufuata, na kungoja huku ukijenga daftari hakuna.

Pingamizi la pili husikika zaidi kuliko kuandikwa: kwa nini nisiingie kama mtalii, nikafanya kazi kimya kimya? Au nimlipe wakala wa mjini anijazie benki kwa wiki mbili? La wakala lijibiwe kwanza. Amana kubwa inayotokea siku chache kabla ya ombi na kutoweka baadaye ndiyo kitu cha kwanza maafisa hufunzwa kukitafuta, na hati ya kughushi inaweza kukufungia nchi kwa miaka. La utalii lina sura mbili. Ulaya, visa ya utalii hukupa siku 90 katika kila siku 180, na tangu Oktoba 2025 mfumo mpya wa kielektroniki umeanza kuhesabu siku hizo kwa alama za vidole na picha ya uso, hivyo kujificha ndani ya hesabu kumekwisha. Tena mtalii hawezi kukodi nyumba kwa mkataba wa maana wala kufungua akaunti ya benki kwa urahisi. Utaishi kwa bei za wageni bila haki za wakaazi.

Sura ya pili ya utalii ni ya manufaa, nayo iko karibu kuliko tunavyodhani. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, na itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mgeni wa nchi mwanachama kukaa hadi miezi sita. Afrika Kusini imewafungulia Wakenya siku 90 kwa mwaka bila visa tangu Januari 2023. Kibali cha mgeni hakikuruhusu kuchukua kazi ya wenyeji, na ni vyema kuuliza idara ya uhamiaji ya nchi husika kuhusu kazi ya mteja wa nje. Lakini mwezi mmoja Kigali au Kampala utakuonyesha kama mteja wako anavumilia uhamaji, kama benki yako inatuma nambari za siri kwenye laini ya Safaricom ukiwa nje, kama jukwaa lako linafunga akaunti linapoona nchi mpya, na kama wewe mwenyewe unaweza kufanya kazi mbali na watu wako. Majibu hayo ukiyapata kwa nauli ya basi umeokoa nauli ya ndege.

Limebaki swali zito kuliko yote: kuhama kunalipa? Kwa hesabu ya matumizi peke yake, mara nyingi hakulipi. Mwenye dola 2,500 akiishi Waithaka ana akiba ambayo hataipata Lisbon, ambako kodi ya nyumba imekuwa kilio cha Wareno wenyewe. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu unachokinunua ambacho Waithaka haiuzi. Saa za kazi ni kimoja. Mteja wa California anayefungua ofisi saa tatu asubuhi wakati wa baridi anakukuta Nairobi saa mbili usiku, na zamu yako inakwisha saa kumi alfajiri. Ukiwa Lisbon zamu hiyo hiyo ni kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa saba usiku. Cha pili ni njia ya ukaazi: Ureno na Uhispania huhesabu miaka hiyo kuelekea ukaazi wa kudumu, ilhali Namibia hutoa miezi sita na Mauritius mwaka mmoja. Cha tatu ni urahisi wa kuwafikia wateja wa Ulaya bila kuomba visa kila mara. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivi unachokihitaji, pesa hizo zitafanya kazi zaidi zikinunua betri ya kuhimili stima ikipotea na ploti huko Kikuyu.

Anayeondoka asidhani pia kwamba Kenya imemwachia. Sheria ya ushuru wa mapato humhesabu mtu kuwa mkaazi akikaa nchini siku 183 katika mwaka, na pia akiwa na makao ya kudumu hapa na kufika hata kwa siku chache mwaka huo. Ukiacha mke au mume na nyumba Waithaka, ukarudi Desemba, KRA inaweza kukuhesabu mkaazi ilhali nchi uliyohamia nayo imekuhesabu baada ya siku zake 183. Kenya ina mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili na nchi chache, zikiwemo Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Kanada na India, kwa hiyo muulize mhasibu kuhusu nchi yako kabla ya kukata tiketi. Deni la HELB, yaani mkopo wa masomo ya elimu ya juu, nalo halisimami kwa sababu umevuka bahari, na faini ya kutolipa ni Sh5,000 kila mwezi. Weka malipo ya moja kwa moja benki kabla ya kwenda.

Kwa ufupi wa vitendo: mwezi huu, pakua taarifa zako za benki na M-Pesa za miezi sita, uchukue kalamu na kujumlisha pesa ambazo mgeni asiyekujua angekubali kuwa ni mshahara wako. Jumla hiyo, iwe kubwa au ndogo, ndiyo unayoombea visa. Kama imepungukiwa na kiwango, kazi yako ya mwaka ujao unaijua, na haihitaji ndege. Kama inatosha na imetosha kwa mwaka mzima mfululizo, basi swali la nchi gani limefika zamu yake, na utaliuliza ukiwa na jibu mkononi.